Sahihi ya Bawabu

Mama yake Fundi Miwani alianza kugombana na watu akiwa bado na meno ya utoto, na alipobakiwa na meno manne aliendelea na kazi kwa hayo hayo manne. Aligombana na makarani, na wauza mkaa, na majirani walioanika nguo kwenye kamba yake, na watangazaji wa redio ambao hata hawakumsikia. Mtaa mzima ulimwita Bi Kesi. Waliomjua kwa mbali walisema ana roho mbaya. Binti yake alijua kwamba sivyo. Yule mama alikuwa na kesi moja tu maishani, na hizo nyingine zote zilikuwa za mazoezi.

Kesi yenyewe ilikuwa ya baba yake. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la baba, tena jina kamili la sehemu tatu, kwa mwandiko mzuri wa mshazari. Mwenye jina ndiye hakuwahi kuonekana. Bibi yake Fundi, aliyekuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya wazazi, aliulizwa habari za bwana huyo mpaka waulizaji wakachoka, na jibu lake lilikuwa moja: "Si limeandikwa? Basi." Akafa na siri yake. Bi Kesi akalelewa kwa mjomba, ambako watoto wa nyumba, kila walipokosana naye mchezoni, walimwita mtoto wa kuokotwa. Watu wazima walisikia wakacheka, wakasema hayo ni mambo ya watoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa alikuwa na miaka sabini na sita na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alimvuta Fundi Miwani pembeni akamwambia kwamba dawa zitamsaidia mama apumue, ila zaidi ya hapo wasidanganyane. Ni miezi miwili, labda mitatu. Bi Kesi, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, alisikia kila kitu kutoka kitandani.

"Wewe," alimwambia binti yake walipofika nyumbani, "kazi yako ni kuwatafutia watu macho. Nitafutie na baba yangu."

"Mama, kwa miaka hii atakuwa ameshakufa."

"Kwani nimesema umlete hapa? Nataka kujua alikuwa nani na kwa nini hakuja kuniona. Nikifa bila kujua nitakufa na hasira, na utanizika nazo wewe mwenyewe."

Kwa hiyo Fundi Miwani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyezoea kukaa kwenye kibanda chake cha kioo akikaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, akawa anafunga kibanda kila Alhamisi na kwenda kwenye jumba la kumbukumbu. Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo watu wa kawaida waliruhusiwa kusoma. Siku nyingine, inaonekana, karatasi zilikuwa zikipumzika.

Mtunzaji wa pale alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Mzee Penseli, kwa sababu alimnyang'anya kila mgeni kalamu ya wino mlangoni akampa penseli. Miwani yake ilikuwa imekatika mkono mmoja, akaufunga kwa uzi mweusi. Fundi aliiona, roho ikamuuma kikazi, akanyamaza. Mzee Penseli aliweka mbele yake daftari kubwa la hospitali ya wazazi, kisha akaufunika ukurasa kwa kadibodi iliyokatwa tundu refu jembamba. Kupitia tundu lile ulionekana mstari mmoja tu.

"Ndiyo utaratibu," alisema. "Kila mtu asome mstari wa ndugu yake. Ya wenzako yanakuhusu nini?"

Mstari wa mama ulikuwa nambari mia nne na kumi na tisa. Msichana. Kilo tatu kasorobo. Jina la mfuaji. Na katika safu ya baba, lile jina la sehemu tatu, na sahihi pembeni. Fundi Miwani aliliangalia mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiganja kabla Mzee Penseli hajamkemea kwa kulowesha nyaraka.

Alhamisi ya tatu alipata kitu kikubwa zaidi. Katika daftari la wafanyakazi wa hospitali ile ile, mwaka ule ule, jina lile lile lilikuwa la bawabu wa lango kuu. Mfuaji na bawabu, kazini pamoja, lango moja asubuhi na jioni! Hapo hata asiye fundi angeunganisha. Hakuuliza la ziada wala hakutaka kuuliza. Ukipenda, chongo huita kengeza, na watengeneza miwani nao ni watu.

Akaulizia kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa hospitali. Kinyozi mmoja mkongwe akamwambia kwamba bawabu alikufa zamani, ila binti yake mkubwa yuko hai, yule aliyekuwa mpiga taipu wa mahakama. Akamwelekeza mlango.

Mpiga Taipu alikuwa na miaka sabini na tisa na mgongo ulionyooka. Alipokuwa akisikiliza, vidole vyake vilicheza juu ya goti kana kwamba anaandika maelezo ya shahidi. Alimwacha Fundi amalize, kisha akauliza mambo mawili tu.

"Mama yako alizaliwa hospitali ile?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina la baba yangu liko kwenye cheti chake?"

"Liko. Na sahihi yake nimeiona kwa macho yangu."

Bibi yule aliutazama ukuta kwa muda. Kisha akachukua kitambaa chake cha kichwa kutoka kwenye msumari. "Basi nipeleke kwa mdogo wangu," alisema.

Ningekuwa na uwezo ningeisimamisha hadithi hapa, wote wakiwa wamefurahi. Bi Kesi alikuwa ameegemezwa mito mitatu karibu na dirisha, amevaa gauni lake la kijani, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Wale wakongwe wawili walishikana mikono. Kisha wakaanza kufananishana, kama ndugu wafanyavyo. Masikio yalikuwa yale yale. Paji la uso, lile lile. Fundi Miwani alisimama mlangoni akilia na kucheka, na yeye pia akayaona masikio.

Ndipo Mpiga Taipu akatoa picha. Mwanamume amesimama mbele ya lango, amevaa koti lenye vifungo vikubwa, filimbi imening'inia shingoni. Bi Kesi aliisogeza karibu na dirisha. Uso wake ukabadilika.

"Huyu namjua," alisema.

"Unamjuaje?"

"Nyumba ya mjomba ilikuwa mitaa miwili kutoka hospitali. Nilipita lango hili kila siku nikienda shule, miaka saba. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga filimbi kusimamisha magari ili tuvuke." Alivuta pumzi. "Siku moja alinifunga kamba ya kiatu. Alipiga goti barabarani akanifunga, akaniambia, haya, kimbia usichelewe. Nilikuwa na miaka minane. Alikuwa miguuni pangu, jamani! Alikuwa miguuni pangu na hakusema!"

Mpiga Taipu alisogea karibu. Alimpapasa mgongo mdogo wake, akasema baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tangu siku ile picha ilisimama kwenye kabati dogo kando ya kitanda, imeegemea bilauri ya maji, na bawabu akawa anahukumiwa asubuhi na jioni. Fundi Miwani alisikia kila kitu akiwa jikoni. "Haya, amka unieleze. Wenye magari uliwasimamisha, ulimi wako ulisimamishwa na nani? Unafunga kamba za viatu, kufunga mdomo wa watu walioniita wa kuokotwa umeshindwa? Usinitazame na vifungo vyako hivyo!" Kila Jumapili Mpiga Taipu alikuja, na hapo kesi ilikuwa na shahidi. Walicheka sana wale wawili. Bi Kesi alimtania kwamba yeye ndiye aliyekula sehemu yake ya baba, ndiyo maana mgongo umenyooka.

Lakini asubuhi moja Fundi aliingia na kikombe cha chai akamkuta mama yake hagombani. Alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadi shingoni.

"Nilikuwa na kosa gani?" aliuliza. Hakumuuliza Fundi.

Maneno yale yalimkata Fundi maini. Alijilaumu kwamba yeye ndiye aliyeleta balaa lile nyumbani. Zamani baba alikuwa mtu wa mbali asiyejulikana, pengine alikufa njiani, pengine alizuiliwa. Sasa alikuwa mtu wa mitaa miwili aliyemwona mwanawe kila siku kwa miaka saba na kumnyamazia.

"Nenda tena kule," Bi Kesi alimwambia alipotulia. "Niangalizie ile sahihi vizuri. Nataka kujua kama mkono ulimtetemeka."

Alhamisi iliyofuata Fundi Miwani alienda, na kwa kuwa Mzee Penseli alikuwa amemsaidia sana, safari iliyotangulia alikuwa amemchukulia vipimo vya miwani ile mbovu. Sasa alimletea miwani yenye vioo vipya na mikono miwili. Mzee aliivaa akapepesa macho kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Haya, soma kitu tuone," Fundi alisema, kama anavyosema kwa wateja wote. "Soma chochote kilicho mbele yako."

Na mzee wa watu, kwa furaha ya macho mapya, akaiondoa kadibodi iliyofunika daftari la hospitali ya wazazi mezani pake akasoma kutoka juu ya ukurasa. "Nambari mia nne na tatu. Mvulana. Kilo mbili na nusu." Akasoma jina la mama ambalo Fundi hakulijua. Kisha akasoma jina la baba, jina la sehemu tatu.

"Huo si mstari wa mama yangu," Fundi alisema. "Mama yangu ni mia nne na kumi na tisa."

Mzee Penseli alishusha kidole chake. Mia nne na nane, jina lile. Mia nne na kumi na moja, jina lile. Mia nne na kumi na tisa. Mia nne na ishirini na mbili. Walifunua kurasa, vichwa vimekaribiana, na hakuna aliyekumbuka kadibodi. Katika daftari lile moja bawabu alikuwa baba wa watoto thelathini na mmoja. Wawili walizaliwa siku moja kwa mama wawili tofauti. Sahihi zote zilikuwa imara, za mtu aliyezoea kuziandika.

"Kulikuwa na amri," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nimewahi kuikuta kwenye nyaraka zao. Mama haachiwi kutoka na mtoto mpaka mwanamume aweke sahihi kwenye safu ya baba. Asiye na mtu alikaa wodini. Wiki, wiki mbili, mpaka kitanda kinahitajika na matusi yanaanza."

"Kwa hiyo huyu..."

"Huyu alikuwa langoni, mwanangu. Alikuwa karibu." Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Miaka ishirini na sita niko humu. Nawasomea watu mstari mmoja mmoja."

Fundi Miwani alitoka pale hajui anakanyaga wapi. Miguu ilimpeleka kwa Mpiga Taipu. Hakupiga hata hodi ya pili.

"Thelathini na mmoja!" alisema mlangoni.

"Kuna daftari la pili," Mpiga Taipu alijibu. "Baba alisema wamepita arobaini. Ingia, ukae."

"Ulijua."

"Nilijua tangu uliponieleza habari ya cheti. Baba alipata kazi pale mama yako akiwa amebakiza miezi miwili kuzaliwa. Tulikuwa tumetoka mji mwingine kabisa, barua yake ya kazi ninayo kabatini. Huyo bibi yako hakuwa amemjua kabla." Vidole vyake vilikuwa vimetulia mapajani. "Baba alituambia hivi: nimeandika kwamba ni wangu, kwa hiyo akija mmoja, afunguliwe mlango. Mama yako ni wa sita kuja. Jumapili zangu zimejaa, mwanangu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Wa kwanza nilimwambia. Fundi bomba mmoja, mtu mzima ana wajukuu. Aliniangalia kama mtu aliyenyang'anywa sahani mkononi. Akaondoka, na hakurudi tena. Waliofuata nimewapokea tu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi nalea wazee wenzangu." Akamshika Fundi mkono. "Usimwambie. Nakuomba."

"Mama analia. Anadhani alikataliwa."

"Mwache alie. Ana wa kumlilia."

Fundi Miwani aliyasikia maneno yale, na njia nzima alibishana nayo. Yeye alikuwa mtu wa kazi ya vioo. Maisha yake yote aliamini kwamba mtu akiona sawasawa, kichwa kitaacha kumuuma. Nani angemwacha mama yake afe akiamini kwamba baba alimtazama usoni akamkataa, wakati karatasi ipo inayosema si kweli? Alipiga moyo konde akaingia chumbani, bado amevaa viatu vya nje.

"Mama," alisema, "hakukukataa."

Akamweleza yote. Amri, wodi, lango, sahihi imara, barua ya kazi. Alieleza taratibu, ameshika mkono wa mama yake, na alipomaliza alisubiri uso ule ufunguke.

Bi Kesi aliitazama picha. "Wangapi?" aliuliza.

"Thelathini na mmoja kwenye daftari moja. Wengine wako kwenye la pili."

"Na kamba ya kiatu?"

Fundi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Nadhani," alisema, "alifunga za watoto wengi, Mama."

"Basi baba yangu nani?"

"Sijui. Haijaandikwa popote."

Bi Kesi aliutoa mkono wake polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. "Yule alinikataa," alisema, "lakini alikuwa wangu. Nilikuwa naamka asubuhi najua nina nani wa kumuuliza. Miaka sabini na sita nimemtafuta nimgombeze, nikampata, ukanipa mwezi mmoja tu. Sasa nitamgombeza nani, mwanangu?"

"Mama, nilitaka upumzike."

"Nimeona. Chukua hiyo picha umrudishie mwenyewe. Si vizuri kukaa na baba wa watu."

Fundi aliichukua. Alikwenda nayo jikoni akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia akiwa ameuma kanga yake ili asisikike. Alitaka kurudi chumbani kuyafuta maneno yote, na alijua kwamba hayafutiki.

Jumapili Mpiga Taipu alikuja kama kawaida, ana machungwa mkononi. Fundi alimwangalia mlangoni, akainamisha kichwa, na yule bibi akaelewa kabla hajaambiwa. Hakumlaumu. Aliingia chumbani akakaa kwenye kiti chake.

"Mdogo wangu, umeamkaje?"

Bi Kesi alijivuta akakaa vizuri kwenye mito, akajifunika mabega. "Shikamoo, mama," alisema. "Asante kwa kuja. Nimeambiwa mmetusaidia sana. Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani? Mimi nimekuwa mgeni hapa lini?"

"Tangu Alhamisi," alisema Bi Kesi kwa upole.

Mpiga Taipu hakuondoka. Alimenya chungwa, akalitoa mbegu, akampa kipande kimoja kimoja, na Bi Kesi alishukuru kwa kila kipande. Fundi Miwani alisimama kwenye korido akihesabu zile asante mpaka akashindwa kuvumilia, akatoka nje.

Mama yake aliishi siku kumi na tisa zaidi. Majirani waliokuja kumjulia hali walitoka wakisema ugonjwa umemlainisha yule mama, siku hizi hata redio ameiacha iseme inavyotaka. Jirani mmoja alianika mashuka yake manne kwenye kamba yao, akasubiri kwa hofu kutukanwa. Fundi alifungua dirisha la chumbani makusudi ili mama yake ayaone, apate la kugombania. Bi Kesi aliyatazama mashuka ya watu yakipepea kwenye kamba yake, akageuza uso ukutani, na hakusema neno.